Zimbarata

Godoro jipya lilikuwa limebonyea katikati, na hakuna aliyekuwa amelilalia. Fundi aliligusa. Lilikuwa na joto, na lilinuka nywele zilizoungua.

Kosa alilijua. Katika nyumba hiyo ya mafundi magodoro, kabla ya mshono wa mwisho mtu huiinamia sufi na kusema, "Zimbarata," ili asijilaze asiyealikwa. Bibi alilisema, mama naye akalisema, na hakuna aliyejua limetoka wapi. Asubuhi ile mteja alimcheka eti anaongea na godoro, na Fundi, mtu mzima na akili zake, akaona haya, akashona kimya.

Alimwita shangazi yake aje kuona. Walipoingia, mama yake Fundi alikuwa amejilaza palepale juu ya godoro, macho wazi, kifua kikipanda kwa shida.

"Mama?" Fundi alinong'ona.

Mama alijibu kwa sauti ya kiume, tulivu. "Mama yako kachoka. Jua likizama naondoka naye."

Sindano zikaanza kutetemeka ndani ya kopo, sufi ikainuka guniani bila upepo na kuelea hadi darini, ile harufu ikawashika kooni, na midomo ya mama ikazidi kupauka huku wao wawili wamesimama tu.

"Liseme lile neno, mwanangu," shangazi alinong'ona.

"Zimbarata," Fundi alisema, sauti ikimtoka nusunusu.

Jini aliyemwingia mama akacheka. "Unajua maana yake? Hilo ni neno la kwetu, nilimfundisha bibi yako mwenyewe. Maana yake ni karibu. Kila ukilitamka nazidi kuingia. Nyamaza, binti, umwokoe mama yako."

Shangazi alimziba Fundi mdomo upesi. Fundi aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa, maana akikosea hapa, hana mama tena. Ila jambo moja lilimkera. Akauondoa mkono wa shangazi taratibu.

"Kama nakukaribisha," alisema, "mbona unaniomba ninyamaze?"

Fundi akalisogelea godoro.

"Haya, na liwe la kwenu. Bibi alilisema maisha yake yote akimaanisha toka. Mama vilevile. Huko kwenu semeni mnavyotaka. Humu ndani lina maana moja."

Akachukua mkasi, akalipasua godoro ubavuni, akaingiza uso kwenye sufi ya moto na kulisema neno lile tena na tena, shangazi naye akaitikia huku analia, mpaka majirani wakasimama mlangoni. Godoro likatweta mara moja, kisha likapoa. Mama akakohoa, akaomba maji kwa sauti yake mwenyewe.

Shangazi alikaa chini, kanga imemlegea. "Sasa hilo neno," aliuliza, "maana yake hasa ni ipi?"

Fundi alikuwa anatunga uzi kwenye sindano.

"Muulize aliyelikimbia."