Karatasi ya Talib Kutoka Glasgow

Kila Ijumaa Mardhiya alikung'uta suruali ya mumewe kwenye mlango wa nyuma, kwao Rayners Lane, England. Talib alikuwa fundi wa vigae. Kwa wingi wa vumbi jeupe, Mardhiya alijua wiki ilikuwaje.

Mwaka 2003 vumbi lilitoka mbali. Talib alipata kazi ya mabafu ya hoteli huko Glasgow, Uskochi. Alifanya kazi wiki sita. Vigae vyote alivikopa dukani kwa jina lake.

Ijumaa ya mwisho alirudi na karatasi, bila pesa. Kampani ilitaka aitie saini kwanza, ndipo ilipe.

Mardhiya hakumaliza shule ya msingi. Aliisoma karatasi polepole, kidole chini ya kila neno.

"Mbona inasema umeshalipwa yote, na hudai tena?"

"Ndivyo wanavyoandika," alisema Talib. "Nikikataa, Chaman ataona simwamini. Tumekula naye sahani moja."

Chaman ndiye msimamizi aliyempa kazi. Mardhiya alimwambia kula pamoja ni kitu kimoja na kusema umepokea ni kingine.

Talib alicheka. "Haya, mwanamke wa risiti."

Utani huo ulikuwa wa siku ya harusi yao. Mardhiya alipoulizwa kama amepokea mahari, alikaa kimya hadi alipoyashika mkononi. Bibi yake alimfunza hivyo.

Asubuhi walikwenda kwa jirani yao, Bi Lata, mzaliwa wa Tanga. Alikuwa karani wa wajenzi kwa miaka mingi. Bi Lata aliisoma karatasi mara mbili.

"Mwanangu," alimwambia Talib, "ukifanya kazi, una haki ya kudai. Karatasi hii inaitupa haki hiyo leo, na pesa hazijaja."

"Basi nisitie saini?"

"Tia, lakini kwa sharti."

Akaandika mstari mmoja: Talib ataacha kudai pale tu pauni elfu nne na mia mbili zitakapoingia benki yake, tena kwa kazi hii peke yake.

Kisha akawaonya. Kazi ilikuwa imevuka mpaka. Uskochi ina sheria zake na England ina zake, na karatasi iliyo sawa hapa huenda isitoshe kule. Jumatatu walimpigia simu wakili wa Glasgow. Alibadili maneno mawili. Kampani ikaikubali karatasi mpya, na Talib akatia saini.

Hundi ilifika. Benki ikairudisha, kwa kuwa akaunti ya kampani haikuwa na pesa.

Talib alipiga simu. Kampani ikamjibu kwamba ameshatia saini. Mardhiya akamwekea karatasi mbele, kidole chini ya mstari wa Bi Lata. Talib akausoma neno kwa neno.

Siku kumi na mbili baadaye pesa ziliingia. Deni la vigae likalipwa.

Jioni ile Mardhiya aliutazama mstari ule hadi chai ikapoa. Talib alibeba maelfu ya vigae kwa mabega yake. Mstari haukuwa na uzito hata wa unyoya, nao ndio uliobeba jasho lote la wiki sita.

Mwezi uliofuata Talib alipata kazi Cardiff, huko Wales. Aliiweka karatasi ya kazi hiyo mezani, akaisogeza kalamu mbali.

"Mwanamke wa risiti," alisema, safari hii bila kucheka, "soma wewe kwanza."

Mardhiya akavuta kiti.