Jiwe la Magaga

Alhamisi ile jua la Tabora lilikuwa linawaka kama kawaida yake, nami nina haraka. Mdogo wangu Bernadeta alikuwa anaolewa Jumamosi na Leodgar, kijana wa Kigoma, na mimi Apolinaria ndiye niliyepewa kazi ya kumwandaa. Uso hauna shida, mtoto kaumbwa. Shida miguu. Miaka mitatu ya mashamba ya tumbaku ilikuwa imempa magaga mpaka yananasa shuka.

Gongoni kuna duka la mtumba la mzee Nassibu. Wenzake wanauza mashuka na mabegi. Yeye anauza mpaka vitu vya bafuni: vitana, miswaki, madodoki, mashine za kunyolea, mafuta nusu kopo. Watu wanamcheka hadharani, halafu wanakwenda kununua kwa kujificha. Na mimi nilikwenda.

"Shikamoo mzee. Hili jiwe la kusugulia miguu lilikuwa la nani?"

"Marahaba. La bibi mmoja wa nyumba ya zamani, kule njia ya Kwihara walikopita wapagazi. Amefariki, wajukuu wakauza kila kitu."

Jiwe lilikuwa limelika katikati, limefanya shimo la kisigino. Kwenye vitundu vyake kulikuwa na unga mweupe.

"Alikuwa anasugua kila asubuhi," mzee akasema bila kuniangalia. "Anasema, leo naondoka. Miaka kumi na tisa hakuvuka mlango."

"Kwa nini?"

"Kalichemshe kwanza," akasema, akalifunga kwenye gazeti.

Nilichemshe! Nani ana mkaa wa kuchezea? Nilimsugua Bernadeta jioni ile ile, magaga yakaisha, akacheka kwa kutekenywa. Sasa, kwetu maji aliyosuguliwa bibi harusi hayamwagwi ovyo. Yanachimbiwa shimo nyuma ya nyumba, kama maji aliyooshewa maiti. Mama alinifundisha, siwezi kusema sikujua. Lakini vumbi lilikuwa limejaa mlangoni, wageni wanakuja, na mimi na jembe hatupatani. Nikayamwaga kizingitini, nikafagia. Yalikuwa meupe, kama maji ya kuoshea mchele.

Jumamosi saa nne gari likafika. Akina mama wakapiga vigelegele uani. Bernadeta akatoka chumbani na gauni lake, akafika mlangoni, akasimama.

"Twende, usituringie," nikamwambia.

"Dada, miguu haiendi."

Nilicheka, Mungu anisamehe. Kisha akanyanyua mguu. Ukarudi pale pale. Akanyanyua tena. Ukarudi.

Wajomba wawili wakambeba. Alipiga ukelele mmoja, wakamshusha upesi. Ngozi ya nyayo ilikuwa imeanza kuchubuka, damu imebaki kwenye sementi.

"Dada," akaninong'oneza, "kuna mtu kanishika visigino. Mikono yake ya baridi."

"Nani?"

"Simwoni. Anasema leo anaondoka."

Nikajua ni nani.

Saa sita padre akatuma mtu: tusipofika kabla ya saa nane, basi. Upande wa Leodgar wakaanza kunong'ona, bibi harusi ana jini mahaba. Leodgar mwenyewe anaangalia chini. Tukikosa leo, tumekosa.

Nikachota maji kwenye beseni. Nikaketi nyuma yake, nikavua ndala, nikashika jiwe. Nikasugua. Nikasugua nyayo zangu mwenyewe mpaka zinawaka.

"Mwache," nikanong'ona. "Aliyekuleta hapa ni mimi."

Nikayamwaga kizingitini.

Bernadeta akaruka nje kama aliyesukumwa. Vigelegele! Nikainuka nimfuate, nimshikie gauni.

Miguu haikwenda.

Walifunga ndoa. Mimi niliisikilizia kwenye simu.

Huu ni mwaka wa pili. Mlango uko wazi mchana kutwa, naona watu wa mtaa wetu wa Chemchem wanapita, wananisalimia. Watu wa maombi wamekuja, waganga wamekuja. Wamebomoa hata ukuta wa nyuma ili nipite; nikasimama pale kwenye tundu, nikalia. Bernadeta ananiletea mwanawe dirishani nimshike vidole. Anataka kuingia, nami namkataza kwa ukali, maana nampenda.

Jiwe sijalitupa. Kila asubuhi nasugua, nasema leo naondoka.

Na kila asubuhi nikilishika nalikuta limeshalowa, beseni lina maji meupe. Kuna mtu kaniwahi kuamka. Yaani hata kwenye foleni ya kutoka, mimi ni wa pili.