Duara la Stesheni

Likizo ya Agosti, kazi ya Akol ilikuwa kumchotea babake maji ya beseni. Babake, Emojong, aliziba pancha za malori yaliyopanga foleni Malaba yakisubiri kuvuka kwenda Uganda. Beseni likishajaa, Akol alichukua kopo lake la gololi na kwenda penye mabasi, ambako joto liliifanya barabara iyumbe kama moshi na ngurumo za injini zikaungana kuwa sauti moja ya usingizi.

Pale aliwashinda watoto wa abiria. Kila mchezaji aliweka gololi tatu ndani ya duara, kisha wakapokezana kulenga. Uliyoitoa nje ilikuwa yako. Watoto hao walicheza mama zao wakigongewa mihuri ya kuvuka mpaka, kisha wakaondoka. Kwa wiki mbili Akol hakushindwa. Kopo likafika gololi arobaini, kumi na mbili kati yake zikiwa za mdogo wake Loise, aliyempa amtunzie. Akiziinua juani, nyuzi za rangi zilielea ndani yake kama visamaki, naye akajiona anaelea nazo. Duara la mabasi likaanza kuonekana dogo.

Nyuma ya stesheni ya reli palikuwa na duara la gololi kumi kumi. Wenyewe walikuwa Okiror na wenzake wa darasa la nane. Akol alikwenda Jumamosi.

"Malkia wa mabasi amefika," Okiror akasema. "Karibu, dada. Weka kumi."

Ardhi ya pale iliinama kidogo, kiasi ambacho jicho halikuona. Gololi ya Akol ilikwenda sawa, halafu ikajipinda upande wa reli, polepole, kama mtu anayejigeuza usingizini. Kumi zikaenda. Kumi nyingine zikazifuata. Angeweza kuacha, lakini alijiambia bahati itarudi, akaendelea kuweka hadi za Loise zikaisha.

Nyumbani, Loise alinyoosha mikono miwili kupokea gololi zake. Akol alikuwa ameandaa uongo kwamba zimeibwa. Alipoiona ile mikono, akasema kweli. Loise hakulia. Aliishusha tu mikono, akaondoka.

Emojong hakumkaripia. Alimuuliza aliokuwa akiwashinda ni nani.

"Watoto wa mabasi, Baba."

"Walijua uwanja?"

"Hapana. Wanakaa saa moja tu."

"Na wewe?"

"Mimi najua kila shimo."

Emojong alikuwa ameshika tyubu aliyoiziba asubuhi. Aliijaza upepo kidogo, akaizamisha ndani ya beseni. Maji yakatulia. Akaongeza upepo, akaizamisha tena, na uzi mwembamba wa povu ukapanda.

"Kwa upepo mdogo ilionekana imepona," akasema. "Ndiyo sababu naongeza kidogo kidogo, natazama. Na sibahatishi na tyubu ya mtu, kama wewe ulivyobahatisha na gololi za Loise."

Alimpa gololi tano za chuma kutoka kwenye beringi kuukuu. Nanjala, jirani yao, alizipenda, akabadilisha kila moja kwa mbili za kioo. Safari hii Akol alicheza na Nanjala na wenyeji wengine, waliojua uwanja kama yeye. Alishinda, akashindwa, akashinda. Kumi na mbili za kwanza alizozipata alimrudishia Loise, ambaye alizihesabu mara mbili kabla ya kutabasamu. Siku ambazo duara la stesheni halikuwa na watu, Akol alikwenda peke yake kurusha gololi moja na kusoma mteremko.

Mwezi Oktoba kopo lilikuwa na ishirini na nane. Akachukua kumi, akaacha nyingine nyumbani, akaenda stesheni. Gololi yake ilijipinda alivyotaka. Hata hivyo Okiror alilenga vizuri zaidi, na zote kumi zikaenda. Okiror akamwambia akalete nyingine. Akol akakataa, akaaga.

Babake alikuwa akikunja vifaa. "Umeshindwa?"

"Ndiyo, Baba."

"Umebaki na ngapi?"

"Kumi na nane. Zangu zote."

Emojong akamwaga maji ya beseni, yakang'aa kidogo kabla ya vumbi kuyanywa. "Basi leo ndiyo ulikuwa tayari kupanda ngazi. Anayepanda kwa kipimo, hata akishindwa, kesho bado ana cha kuchezea. Ile Jumamosi ulikwenda na sifa tu."