Mwisho Uliosimuliwa kwa Simu

Mapumziko yalipotangazwa, watu walimwagika kwenye varanda ya ukumbi wa sanaa, vijana kwa wazee, kila mmoja akitafuta soda na mtu wa kumwambia alichokiona. Msichana mmoja tu ndiye aliyekuwa anaukata umati kwa viwiko kuelekea mlango wa nje. Alivaa gauni la buluu lililopigwa pasi likakubali, na chini yake raba. Gauni la kuonekana, raba za kuwahi nyumbani. Mkononi alishika kadi ya njano.

Mlangoni alimkuta kijana mrefu mwenye kizibao cheusi kilichoshonwa kwa ajili ya mtu mnene kuliko yeye. Mbele yake palikuwa na meza ndogo, muhuri na kidau cha wino.

"Naomba unigongee," msichana alisema.

"Muhuri hugongwa onyesho likiisha, dada. Hapa bado."

"Bado nini? Tumeshaona robo tatu nzima."

"Basi karudi uikamilishe robo ya nne."

"Nina haraka, kaka yangu. Kweli."

"Kila anayefika mezani hapa ana haraka. Juzi mmoja aliniambia bibi yake amefariki. Wiki iliyotangulia bibi huyohuyo alikuwa anajifungua."

Msichana alitaka kucheka, akaitazama saa, akatoka bila muhuri. Kijana alimsindikiza kwa macho mpaka alipokunja kona, gauni amelikusanya mkononi, mbio.

Msichana alikuwa mwaka wa mwisho wa masomo ya maabara. Chuo chao kilikuwa na sharti ambalo watu wa maabara walilinung'unikia tangu siku ya kwanza: hakuna anayehitimu bila kufaulu somo la Sanaa na Jamii. Somo lenyewe halikuwa na mtihani, lilikuwa na kadi. Unahudhuria maonyesho matatu ya wasanii wa mjini, unagongewa muhuri kila moja linapokwisha, kisha unaandika ripoti ya ulichokiona mwanzo hadi mwisho. Wenzake waliuliza damu na mkojo vina uhusiano gani na ngoma. Yeye hakuuliza. Alijua tu kwamba bila kadi hakuna cheti, bila cheti hakuna kazi, na bila kazi atazeekea palepale alipo.

Palepale ni vyumba viwili na sebule, ghorofa ya kwanza. Mama yake alikuwa amepooza upande wa kulia mwaka wa tatu sasa. Mchana alikaa naye kaka mtu, akilala kwa vipande, na saa kumi na mbili kamili jioni kaka alishika njia kwenda kiwanda cha mikate, kwenye zamu. Kuanzia hapo mama alikuwa wa binti mpaka asubuhi. Mara moja tu walimwacha peke yake, robo saa, wakamkuta chini kati ya kitanda na ukuta, macho yake yamewaelekea. Maonyesho yalianza saa kumi na kwisha saa kumi na mbili u nusu. Ukigeuza huku au kule, saa hazikumpa nafasi.

Angeweza kumweleza mwalimu. Lakini siku ya kwanza mwalimu alisimama mbele ya darasa, akavua miwani na kusema amechoka kusikia habari za wagonjwa wa wanafunzi wake. Darasa likacheka. Msichana aliapa kimoyomoyo kwamba mama yake hatafanywa kisingizio.

Onyesho la pili lilikuwa la ngoma. Yule wa mlangoni alimwona tangu mbali.

"Karibu, Robo Tatu."

Jina likamganda hapohapo. Wakati wa mapumziko alisimama mbele ya meza na, bila kujua kwa nini, akamwambia ukweli wote kwa pumzi moja: mama, kaka, mikate, saa kumi na mbili. Kijana hakusema pole. Aliugeuzageuza muhuri mkononi.

"Huu muhuri unasema umeona mwisho," alisema. "Sipendi useme uongo. Nipe namba yako. Likiisha nakupigia, nakumalizia mwenyewe. Ukishasikia, ni kama umeona."

"Ndiyo njia yako ya kuomba namba za wasichana?"

"Ningekuwa na njia ningekuwa na namba. Simu yangu ina mama, dada na fundi bomba." Akagonga muhuri.

Saa moja jioni simu ililia. Robo Tatu alikuwa anamlisha mama supu, mkono mmoja una kijiko, akaweka spika.

"Sasa wale wachezaji sita wamebaki wanne," sauti ilisema. "Usiniulize wawili wamekwenda wapi, hata mimi nimewatafuta. Kuna mmoja mwembamba, anaruka, anakaa juu mpaka unasahau kwamba anatakiwa kushuka."

Mama akacheka. Cheko la upande mmoja wa mdomo, lakini cheko.

"Nani huyo?"

"Mama. Uko kwenye spika."

"Shikamoo, mama."

Mama, ambaye hata wageni wa nyumbani alikuwa ameacha kuwajibu, alivuta silabi moja baada ya nyingine. "Ma-ra-ha-ba."

Baada ya hapo simu haikungoja maonyesho. Ilikuja asubuhi kuuliza umeamkaje, ikaja mchana kuuliza umekula nini, laazizi, au umekula maneno ya vitabu tu. Onyesho la tatu lilikuwa kwaya, na kijana aliimba wimbo wa mwisho simuni vibaya mno hata mama akaomba aache. Jumapili moja alisema, "Twende tukatembee."

"Mimi sitembei. Kaka amelala na mama ameamka. Mimi nina dirisha tu."

Kijana akauliza liko mtaa gani, na nusu saa baadaye alikuwa amesimama ng'ambo ya barabara, simu sikioni, ametazama juu. Robo Tatu alipanda juu ya stuli ili amwone vizuri.

"Gauni gani hilo?"

"La nyumbani. Lina doa la dawa."

"Limekupendeza."

"Gauni au doa?"

"Vyote. Sogea kushoto, pazia linaninyima upande wa pili."

Walikaa hivyo saa nzima, yeye juu, kijana chini, magari yakipita kati yao. Robo Tatu alikuwa na furaha, lakini macho yake yaliwafuata wapita njia. Kila mtu barabarani alikuwa anakwenda mahali.

Onyesho la nne lilikuwa mchezo wa kuigiza. Binti anamuuguza baba yake ndani ya chumba kimoja, madirisha yamefungwa, mwaka unaisha mwingine unaingia. Robo Tatu aliutazama bila kuiangalia saa hata mara moja. Mapumziko yalipofika aligongewa muhuri bila utani, akakimbia.

Jioni ile simu ilichelewa. Kijana alisimulia polepole, akizunguka, akieleza mapazia na taa. Ni mama mwenyewe aliyeuliza.

"Na ba-ba?"

Simu ikanyamaza.

"Baba aliamka, mama. Alisimama, akamshika binti yake mkono, wakatoka nje wote wawili."

Robo Tatu akaandika hivyo hivyo. Hata alipamba kidogo, akasema watu walipiga makofi kwa furaha.

Jumatatu aliitwa ofisini. Mwalimu aliisukuma ripoti mezani kwa ncha ya kalamu.

"Ulikaa wapi?"

"Katikati, mwalimu."

"Na mimi nilikaa katikati. Baba anakufa. Binti anafungua madirisha yote, anavaa viatu, anatoka. Anafika barabarani analia huku anacheka." Akavua miwani. "Umeandika mchezo wako mwenyewe. Huyu aliyekugongea muhuri nitazungumza na wakubwa wake. Wewe umefeli. Mwakani utarudia."

Mwakani. Mwaka mwingine wa dirisha. Lakini si hilo lililomtoa machozi kwenye ngazi za ofisi. Mwalimu aliposema *anavaa viatu, anatoka*, moyo wake uliruka. Uliruka kwa tamaa. Aliona haya mpaka masikio yakawaka moto.

Alipiga simu akiwa palepale kwenye ngazi.

"Kwa nini ulinidanganya?"

"Sikuweza kuusema ule mwisho."

"Kwa sababu umenisoma. Ulijua nikiusikia nitautamani. Unaniona mtu wa kumwombea mama yake afe."

"Sivyo kabisa, mpenzi, nisikilize kwanza..."

Akakata. Simu ilipolia tena akakata, na tena, siku nne. Jumapili kijana alisimama ng'ambo ya barabara akiwa ameinua uso. Robo Tatu alivuta pazia na kukaa chini ya dirisha, mgongo ukutani, akihesabu pumzi zake.

Jioni hiyo alikuwa anakunja shuka.

"Yule mtoto," mama alisema, akilivuta kila neno, "hapigi?"

"Hapigi."

"Anapiga. Unakata wewe. Mguu ndio umekufa, masikio yangu mazima."

Robo Tatu aliendelea kukunja.

"Yule baba alikufa, siyo?"

Shuka likabaki mikononi. "Mama. Umejuaje?"

"Alinyamaza. Kisha akaniita mama." Mama alipumzika, akayatafuta maneno mengine. "Angesemaje mgonjwa kafa, na mgonjwa yuko kwenye spika? Alinionea haya mimi. Wewe hukuwamo."

Robo Tatu alikaa ukingoni mwa kitanda. Akatoa lile alilokuwa amelifungia kifuani wiki nzima.

"Mama, nilipoambiwa yule binti ametoka, nilifurahi. Kidogo tu. Nisamehe."

Mama aliupeleka mkono wake mzima taratibu mpaka ukafika gotini kwa mwanawe.

"Mimi hufurahi hivyo kila siku," alisema. "Nikikuwaza umetoka." Kisha, kwa sauti ya zamani ya kutuma watoto dukani: "Mpigie. Mimi mwenyewe nataka kumwona huyo binti wa mchezo."

Kijana alipokea kabla mlio wa kwanza haujaisha.

"Weka spika, mama asikie," alisema mbio, kama anayeogopa kukatwa. "Nimeondolewa mlangoni, napanga viti sasa, si neno. Nilikwenda kwa mwalimu. Nikamwambia uongo ni wangu. Ametoa nafasi moja: Jumamosi ni onyesho la mwisho la mchezo uleule. Ukae mpaka mwisho, uandike upya. Ndilo nililokuwa napigia tangu Jumanne, mkaidi wewe."

"Kaka anaondoka saa kumi na mbili. Nitamwacha na nani?"

"Tunakuja wawili," mama alisema.

Jumamosi kaka mtu na mpanga viti walimshusha ngazi wamemkalisha kwenye kiti cha mbao, wakigombana nani ageuke kwanza, mama akiwaelekeza, na chini wakamhamishia kwenye kiti cha magurudumu cha kuazima. Alivaa gauni la kijani lililokuwa limelala sandukuni miaka mitatu, na kitambaa cha kichwa. Kijana alikuwa amevua kile kizibao. Shati lake lilikuwa limepauka, lakini lilimkaa sawasawa.

Baba alikufa jukwaani kimyakimya, ameelekea ukuta. Binti alifungua dirisha la kwanza, la pili, la tatu. Alivaa viatu. Robo Tatu alilia waziwazi, na mkono wa mama haukumwachia hata mara moja.

Taa zilipowashwa mwalimu alipita, akakiona kiti cha magurudumu, akasimama.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulisema umechoka na wagonjwa wetu, mwalimu."

Mwalimu alitazama chini. Akasema ataisubiri ripoti, akamsalimu mama kwa heshima, akaenda.

Ukumbi ukabaki na viti. Kijana aliacha kuvipanga, akaja kuchuchumaa mbele ya mama.

"Mama, nataka kumwoa binti yako."

"Mwenyewe yuko hapo," mama alisema.

Robo Tatu alijifuta uso. "Unioe unipeleke wapi? Mimi si yule wa jukwaani. Mama yangu yuko hai, na namtaka hai. Sitoki."

"Sijaja kukutoa. Naomba mniingize."

"Unajua kupika?" mama aliuliza.

"Mayai."

"Kumgeuza mtu kitandani bila kumvunja?"

"Nitajifunza, mama."

Robo Tatu alimgeukia.

"Jumanne jioni nataka kutoka," alisema. "Peke yangu. Si kwenda popote. Nitembee tu mpaka nichoke."

"Nenda."

"Hutaniuliza nakwenda wapi?"

"Sitakuuliza."

"Na nikichelewa?"

"Mimi na mama tutakula kwanza."

Robo Tatu alicheka, akasema ndiyo.