Simu Moja ya Mtaa Mzima

Ndugu zangu, asubuhi ile mtaa wetu ulikuwa shwari. Nguo zimeanikwa, redio zinajisemea zenyewe. Fundi Cherehani alikuwa kibandani akikunja pindo la suruali, na nyumbani kwake mama yake mzazi alikuwa akichambua mboga kibarazani.

Mnaikumbuka siku ya kikao. Mpokea simu za dharura, binti mwenye meza moja na simu moja, alituomba tuchangie namba ya pili na mtu wa kuipokea, kwa mambo madogo: taa zilizozimika, mitaro iliyoziba, mbwa wasionyamaza. "Simu nyingi ninazopokea si za dharura," alisema. "Na siruhusiwi kumkatia mtu simu."

Fundi akadakia, "Mtu mzima alipwe kusikiliza habari za mbwa? Nipeni mimi kazi hiyo, nibweke nao!"

Tukacheka. Mikono ya kupinga ikainuka. Wangu ulikuwamo.

Basi asubuhi ile mtaro ulikuwa umeziba mbele ya kibanda. Fundi akapiga namba ya dharura, kama tulivyozoea sote.

"Baba, hiyo si dharura."

"Usinifundishe, mwanangu. Andika. Maji machafu, harufu, mbu. Umeandika? Haya, nisomee."

Akasomewa. Akasahihisha. Akageukia habari za jirani anayetupa taka. Dakika kumi na nne.

Nyumbani, mkewe alikuwa amepiga magoti kibarazani. Mama mkwe ameanguka, mdomo umepinda upande. Akapiga simu: namba inatumika. Akapiga tena, na tena. Akampigia mumewe. Nayo inatumika.

Walipofika hospitali hatimaye, daktari alisema, "Mmechelewa kumleta."

Hakufa. Ila hasemi, na mkono wa kulia umelala.

Jioni mke akauliza, "Ulikuwa unaongea na nani muda wote ule?"

"Na binti wa dharura. Nilikuwa namweleza habari za mtaro."

Mke aliinamia beseni. Aliendelea kufua shuka.

Juzi nilipeleka gauni langu likashonwe. Fundi alikuwa anamlisha mama kwa kijiko. "Umeshiba, mama?" Akasubiri kidogo, akamfuta mdomo, akachota tena.

FUNZO

Namba ya dharura ni ya mtu ambaye roho yake iko mashakani. Mambo ya taa na mitaro tuyatafutie namba yake, na tunapoombwa mchango wake tusicheke. Kikao ni Jumamosi. Safari hii nitainua mkono kukubali.

Mtaro bado umeziba.