Mkate Uliofungiwa kwenye Mfuko

Nyumbani kwao walimwita Chapuchapu, na jina hilo hakupewa bure. Akitumwa dukani, aliondoka kabla hajaambiwa cha kununua. Akiosha sufuria, masizi yalibaki mgongoni mwa sufuria, naye yuko nje anaruka kamba. Alikuwa na miaka kumi na miwili, moyo mwema, na miguu isiyojua kutulia.

Likizo hiyo, kila asubuhi alifagia ua, akachemsha chai, kisha akampelekea bibi yake uji chumbani. Bibi alikuwa ametoka hospitali karibuni na tumbo lake lilikuwa bado dhaifu. Daktari alimwonya mama kwamba chakula kilichoharibika hata kidogo kingeweza kumrudisha kitandani.

Siku chache kabla ya sikukuu, bibi alimwita akae karibu naye.

"Mjukuu wangu, mwaka huu mikono yangu haina nguvu. Mkate wa kujazia kuku utautengeneza wewe."

Chapuchapu alivimba kichwa. Katika nyumba ile hakukuwa na sikukuu bila mkate huo. Ulikatwa vipande vidogo, ukakaushwa, ukachanganywa na vitunguu vya kukaanga, kotimiri na supu, kisha ukashindiliwa tumboni mwa kuku na kuokwa pamoja naye. Watu waligombea mkate wakamsahau kuku.

"Kazi yote iko kwenye kukausha," bibi alisema. "Utandaze kwenye sinia karibu na dirisha, ufunike kwa kitambaa chepesi ili upate hewa. Ugeuze asubuhi na jioni. Ukiutikisa ukalia kama changarawe, umekauka."

"Hilo tu, bibi? Niachie mimi."

Siku ya kwanza aligeuza vipande kama alivyoelekezwa. Siku ya pili wenzake walianza mashindano ya kamba, na kila alipokimbilia ndani kuugeuza, alirudi akakuta zamu yake imepita. "Hivi mkate nao unataka yaya?" alinung'unika. Akausomba wote, ungali laini katikati, akautia kwenye mfuko wa plastiki, akapiga fundo na kuusukuma kwenye rafu iliyo juu ya jiko. Joto la jiko lingemalizia kazi, alijiambia, na hakuugusa tena.

Asubuhi ya sikukuu alifungua lile fundo, na harufu ya uvundo ikampiga puani. Vipande vya juu vilionekana vizuri, lakini vya chini vilikuwa vimeota ukungu wa kijani. Mama alikuwa uani akimpaka kuku viungo, na mjomba alikuwa njiani na familia yake.

Basi akaanza kuchambua. Vipande vyenye ukungu mwingi alivizika kwenye ndoo ya taka chini ya maganda ya vitunguu. Vyenye madoa madogo alivikwangua kwa kisu. Kisha akakaanga vitunguu vingi, akamimina supu, akaongeza pilipili manga mpaka akapiga chafya. Ule uvundo haukusikika tena.

"Unanukia kama wa bibi yako," mama alisema akipita. Sifa hiyo ilimchoma Chapuchapu, kwa kuwa alijua hakuistahili.

Bibi alikuwa ameketi jikoni, shali mabegani. "Haya, lete," alisema. "Miaka yote kijiko cha kwanza nilikulisha wewe. Leo mpishi ni wewe, basi ni zamu yangu."

Akafumba macho, akafungua kinywa.

Chapuchapu alichota, akanyanyua kijiko. Aliyatazama yale makunyanzi na ule mdomo uliongoja bila wasiwasi wowote. Akakirudisha kijiko bakulini.

"Bibi, usile."

Akaeleza yote, kuanzia kamba hadi ndoo ya taka. Mama alikuwa amesimama mlangoni na bakuli la kuku.

"Ulikuwa tayari kumlisha mama yangu?" aliuliza kwa sauti ya chini.

Chapuchapu alilia. Angependa zaidi kama mama angempigia kelele. "Nilidhani nimeondoa mabaya yote," alisema.

"Ukungu ni kama magugu, mjukuu wangu," bibi alisema. "Unayaona majani juu, kumbe mizizi imeshatembea ndani. Ukikwangua, umeondoa unachokiona tu. Kamwage wote."

"Na wageni je? Tutawapa nini?"

"Tutawapa subira. Leta mkate mpya, uwashe oveni kwa moto mdogo."

Chapuchapu alikata mkate mwingine, akautandaza kwenye trei, akakaa kwenye kigoda mbele ya oveni. Aligeuza vipande, akangoja, akageuza tena. Wenzake walimwita dirishani, akatikisa kichwa. Alipoutikisa mkate na kuusikia unalia kama changarawe, alitabasamu kwa mara ya kwanza siku hiyo.

Wageni walifika, saa ya chakula ikapita, matumbo yakanguruma. "Jamani," mjomba aliuliza, "huyo kuku ameshaanguliwa, au tuendelee kungoja?"

Watu wakacheka. Mama alifungua mdomo ajibu, lakini Chapuchapu alimtangulia. "Ni mimi, mjomba. Niliuharibu mkate kwa uvivu, ikabidi nianze upya."

Mjomba akamtazama. "Basi tutangoja," alisema.

Jua lilikuwa limeshaanza kushuka chakula kilipofika mezani. Chapuchapu aliuonja mkate mwenyewe kwanza, ndipo akampelekea bibi kijiko. Bibi alitafuna taratibu.

"Chumvi imepungua kidogo," alisema, na watu wakacheka tena. Kisha akamshika mkono mjukuu wake. "Kukosea, kila mtu hukosea. Hata mimi nimeunguza kuku wengi katika nyumba hii. Lakini kosa ukilificha, wa kwanza kuumia ni yule anayekuamini, maana yeye hakagui unachompa. Kwa hiyo ukiharibu, sema mapema, mkate ukiwa bado bakulini. Leo umechelewa, lakini umesema."

Chapuchapu aliinamisha kichwa. "Nimesikia, bibi."

"Basi niongeze," bibi alisema. Akafumba macho tena, akafungua kinywa.