Nani Yuko Kijani?

Jumapili hiyo ilianza kama Jumapili nyingine yoyote kwa mzee Kurebayashi Shigeki. Alikunywa supu yake ya miso, akamsaidia mkewe Fusae kuanika magodoro kwenye roshani, kisha akajifungia kwenye kibanda cha uani. Majirani wa mtaa wetu hapa Shizuoka, Japani, tulijua pa kumpata tangu alipostaafu kazi katika kiwanda cha majani ya chai. Alikuwa akifufua magari ya zamani ya kuchezea, ya rimoti, yale ya miaka ya themanini ambayo watoto waliyaunga wenyewe, skrubu moja moja, hadi vidole vikaota sugu.

Alikuwa amefufua mengi. Moja tu hakuwahi kuligusa. La Chigusa.

Chigusa alikuwa mtoto wao wa pekee. Kiangazi kimoja, akiwa bado wa shule ya msingi, alikwenda kuendesha gari lake kwenye kokoto za mto Abe, ambao nusu ya mwaka ni mchanga mtupu na vijito viwili vitatu. Bondeni jua lilikuwa linawaka. Milimani kulikuwa kumenyesha, na hakuna aliyejua. Maji yalishuka kwa mkupuo. Gari lilikutwa limenasa kwenye matete. Mtoto hakuonekana tena, wala rimoti aliyokuwa ameishika.

Kabla ya hapo wazazi hao waliitana Baba Chigusa na Mama Chigusa. Baada ya hapo waliitana "wewe", kwa upole, kama watu waliobeba chungu chenye ufa katikati yao.

"Kwa nini sasa?" Fusae alimuuliza alipoliona lile gari juu ya meza.

"Macho yananiishia. Mwakani sitaziona skrubu."

Fusae alimwekea chai, akaondoka.

Shigeki alilifungua polepole. Ndani ya gia mlikuwa na tope la mto, kavu kama unga. Alilitoa kwa mswaki, akashindwa kulitupa, akalihifadhi kwenye kopo la chai. Akabadilisha matairi yaliyopasuka, akatia shokabu mafuta mapya, akaunga nyaya zilizoliwa na kutu. Bodi jekundu alilipiga msasa likang'aa. Lakini stika ambayo Chigusa aliibandika upande mmoja, ikapinda, hakuinyoosha.

Magari ya enzi hizo yana kasoro yake. Rimoti mbili zikiwa na mawimbi ya aina moja, gari hushindwa kujua limtii nani. Kwa hiyo kila rimoti ilifungwa utepe wa rangi kwenye antena, na mtu kabla ya kuwasha yake aliuliza kwa sauti: nani yuko nyekundu? Nani yuko kijani? Gari la Chigusa lilikuwa la mawimbi ya kijani. Shigeki alitafuta kibandani rimoti nyingine ya kijani, akaifunga utepe mpya.

Alasiri hiyo alilipeleka mtoni, kwenye uwanja ambapo wazee wenzake huchezea magari yao. Unno, mwenye duka la vifaa vya michezo hiyo, alimpokea kwa kelele.

"Mzee Kurebayashi! Hilo gari si lilipaswa kuwa linakula pensheni sasa?"

"Litakula vumbi lako wewe kwanza."

Walicheka. Gari lilikimbia vizuri, likaruka vituta, likapiga kona safi.

Kisha lilikataa kona.

Alivuta kulia. Likaenda kushoto. Akafunga breki. Likaongeza mwendo.

"Nani yuko kijani?" aliita.

Wazee waliangaliana. Unno alitikisa kichwa. "Zama hizi nani ana kijani? Sisi sote tuna rimoti mpya, haziingiliani."

Shigeki alizima rimoti yake. Akaiweka chini. Akainua mikono juu ili wote waione.

Gari halikusimama.

Lilizunguka mara tatu kwa kushoto, vizunguko vidogo, likarudi nyuma kidogo, likatulia. Likarudia. Shigeki alikaa chini kwenye kokoto. Mtu mmoja tu duniani aliegesha gari namna hiyo. Shigeki alikuwa amemgombeza sana Chigusa kwamba anazimaliza gia.

Gari lilitambaa hadi ukingo wa maji. Likazimika hapo, likitazama mto.

Nyumbani alimsimulia mkewe. Fusae alisikiliza akiwa amemgeuzia mgongo, anaosha mchele. Aliuosha hadi maji yakatoka safi kabisa, akaendelea kuosha.

"Kesho," alinong'ona, "nitakuja nawe."

Asubuhi uwanja ulikuwa mtupu. Mto ulikuwa mwembamba, kimya. Shigeki aliliwasha gari, akaliweka mchangani. Rimoti alikuwa ameiacha nyumbani.

Walingoja.

Upepo ulikatika. Ndege wa matete walinyamaza. Mota ikalia, nyembamba, kama mbu sikioni.

Gari halikwenda mtoni. Lilikwenda kwa Fusae. Likagusa ncha ya kiatu chake. Likarudi nyuma. Likagusa tena.

"Ee, mwanangu," alisema Fusae. Akainama ili aliguse.

Gari likageuka. Likashika njia ya maji. Likaingia. Maji yalifunika magurudumu, yakafunika stika, na bado mota ilisikika chini, ikienda, ikienda.

Shigeki alilifuata.

Maji yalimfika magotini. Kiunoni. Hapakuwa na kina hicho jana.

"Baba Chigusa!"

Alisimama. Jina hilo hakuwa amelisikia tangu nywele zake zikiwa nyeusi.

"Anatuita," alisema bila kugeuka. "Yuko peke yake huku. Miaka yote hii."

"Hakuiti!" Fusae alikuwa ameingia naye, amemshika mkanda kwa mikono miwili, analia. "Anacheza tu. Mwache mtoto acheze! Ukienda wewe, mimi nitamwambia nani kwamba leo nimemwona?"

Shigeki alisimama hapo hadi midomo ikawa ya samawati. Sauti ya mota ilififia. Ndipo alipokubali kuvutwa.

Usiku kucha hawakulala. Mara moja Shigeki alimwita Mama Chigusa, naye akaitika, basi.

Kulipopambazuka walirudi. Mchanga ulikuwa laini na mkavu. Alama za magurudumu zilitoka majini, zikazunguka, vizunguko vidogo vya kushoto, vingi, vimepandana. Gari lenyewe halikuwapo.

Kando ya alama hizo kulikuwa na nyayo za miguu mitupu. Katika kila unyayo wa kushoto, kidole kidogo kilikuwa kimepanda juu ya kile cha jirani. Shigeki alizitazama, kisha akautazama mguu wake mwenyewe wa kushoto ndani ya kandambili, wenye kidole kilichopanda vivyo hivyo.

Nyayo hazikurudi mtoni. Zilipanda tuta sambamba na magurudumu, kuelekea nyumba zetu, zikapotelea kwenye lami.

Fusae alivua kiatu. Akaweka mguu wake ndani ya unyayo mmoja, taratibu, kama anayepima. Unyayo ulizidi mguu wake, mbele ya vidole na nyuma ya kisigino.

"Amekua. Amenipita," alinong'ona.